Kofia ya Siku Arobaini

"Zouhoura, hebu niambie kweli yako. Wewe unamngoja mtu, au unaingoja chupa imwachilie?"

Swali hilo aliliuliza Hadjira, jirani wa dirisha kwa dirisha, asubuhi moja mwanzoni mwa Rajabu, huku akianika leso zake kwenye kamba iliyovuka kichochoro. Hakuliuliza kwa ubaya. Hadjira hakuwa na ubaya, alikuwa na mdomo tu. Zouhoura alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba yake, beseni la wanga mbele ya magoti, leso ya kahawia imefungwa kifuani na msindanu, ule urembo wa unga wa msandali, umemkauka mashavuni. Alikamua kofia, akaivika juu ya kigogo kilichochongwa mfano wa kichwa cha mtu, akaipapasa mpaka mikunjo ikaisha. Kisha akashika nyingine.

"Si nimekuuliza?"

"Nimesikia, dada."

"Basi?"

"Basi kamba yako inadondosha maji kwenye kofia za watu."

Hadjira akacheka, akaisogeza kamba. Swali halikusogea. Lilikaa pale pale katikati ya kichochoro, na Zouhoura akafanya kazi siku nzima akilizunguka.

Kazi yake ilikuwa kofia. Alichora maua kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, akawapa watu washone vile vitobo vidogo vidogo kwa sindano, na zikirudi yeye akazifua, akazitia wanga, akazikausha. Alikuwa amezishika kofia tangu akiwa na miaka tisa, na sasa alikuwa na ishirini na sita. Ukimwekea kofia thelathini juu ya mkeka angekwambia hii ameishona nani, na hapa palipolegea alikuwa na homa, na pale alikuwa na hasira na mkewe. Mkono wa mtu haumfichi mwenyewe, ndivyo alivyoamini, na alikuwa hajawahi kukosea.

Na Soidri, huyo aliyekuwa akimngoja, alimjua kwa kofia vilevile.

Ilikuwa mwaka uliotangulia, sokoni Moroni, siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja. Siku hiyo soko lilikuwa limejaa hadi barabarani: mikungu ya ndizi, mbuzi wanaolia, wanawake wanaogombea viungo, wanaume wanaotaka kofia zao zitiwe wanga hapo hapo ili wasalie nazo. Zouhoura alikuwa na beseni lake pembeni mwa njia. Likaja lori la kambini likipiga honi. Ulikuwa mwaka wa nne tangu wale askari wazungu washuke kutoka baharini na kuiweka serikali waliyoitaka wao, na watu walikuwa wameshajifunza kuyapisha magari yao bila kuyatazama. Lakini siku hiyo hapakuwa na pa kupisha. Dereva akatoa kichwa dirishani kuwasihi wenye mikungu, mchukuzi akapita na mzigo wa miwa begani, miwa ikaipiga kofia ya dereva, kofia ikaruka, ikatumbukia chubwi katika beseni la Zouhoura.

Dereva akashuka. Kijana mrefu, shati la kaki limefunguka vifungo viwili, jino moja la mbele limekatika pembeni, na mdomoni anatafuna karafuu.

"Bibi, kofia yangu imeangukia kwako."

"Imeanguka, au umeitupa?"

"Wallahi imeanguka."

"Usimtaje Mungu juu ya kofia chafu namna hii. Hii ulikuwa ukiivaa, au ukifutia injini?"

"Vyote viwili," akasema, na wanawake wote wa upande ule wakacheka.

"Na kwa huko kuvuta maneno, wewe ni wa kisiwa cha Nzuani."

"Wa Mirontsy, ubavuni mwa Mutsamudu. Ni kosa?"

"Kuzaliwa si kosa. Kosa ni kushonewa na mtu asiyeona. Tazama vitobo hivi! Kimoja kinakwenda Makka, kimoja kinakwenda Majunga."

Mzungu aliyekaa kando ya usukani akanyoosha mkono, akapiga honi mara tatu.

"Nitaifuata lini?" akauliza dereva, akirudi kinyumenyume kuelekea lorini.

"Ikikauka."

"Itakauka lini?"

"Inategemea mwenyewe ana haraka gani."

Alikuja kesho yake asubuhi. Kofia ilikuwa bado mbichi, na yeye alijua kuwa bado mbichi, na Zouhoura alijua kuwa anajua.

Ndivyo yalivyoanza. Duka la Saandi, hatua kumi kutoka nyumbani, lilikuwa na simu, na Soidri alipopata nafasi kambini alipiga. Saandi hakuwa mtu wa siri. Alitoka nje na kuita mtaa mzima usikie: "Zouhoura! Kambi inakutaka!" Naye alikwenda akijifunika leso vizuri, akijifanya hana haraka.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nashiba nikisikia sauti yako."

"Basi utakonda, maana Saandi ananikodolea macho nikate."

"Mwambie Saandi nitamletea betri za redio."

"Saandi, anasema atakuletea betri."

"Za redio gani?" Saandi akasema. "Hizo za mwezi uliopita ziko wapi?"

Wakacheka watu watatu katika simu moja.

Ile harufu ya karafuu aliipenda. Ikija karafuu kichochoroni moyo wake ulisimama kabla hata hajamwona mtu. Hakujiuliza mtu anatafuna karafuu asubuhi, mchana na jioni kwa ajili gani. Yeye aliyejua kuisoma mikono ya watu wote wa Moroni hakujiuliza.

Alijua siku ya maulidi, na walijua wote pamoja naye. Soidri alikuja kwa mjomba wa Zouhoura, amevaa kanzu mpya na koti, ameketi safu ya pili. Kisomo kilipofika mahali pa kusimama, watu wote wakasimama, na yeye akasimama, akayumba, akaangukia sinia la marashi. Chupa ya marashi ikavunjika. Lakini marashi yote yale hayakufunika harufu iliyomtoka kinywani.

Wale wazungu walikuwa wakimpa. Mwanzo kikombe kimoja cha wiski baada ya safari, kama shukrani. Halafu chupa. Halafu ikawa asubuhi mikono haishiki usukani mpaka kwanza inyweshwe. Alimweleza Zouhoura yote haya kesho yake, amesimama nje ya mlango, hakuthubutu kukanyaga kizingiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba anayekupenda ni mlevi? Nilitaka kwanza niache, halafu nikwambie nilikuwa."

Mjomba Mdahoma, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwita Zouhoura, akamkalisha.

"Simkatai kwa kuwa ni wa Nzuani," alisema. "Simkatai kwa kuwa ni dereva. Namkataa kwa kuwa nikimwamsha alfajiri sijui nitamwamsha nani. Watu wa Iconi wamekuja mara mbili kukuuliza, na mtoto wao ana duka na ana adabu. Nitawazuia mpaka Ijumaa ya kwanza ya Shaabani. Kijana akija mzima, namwozesha kwa mkono wangu. Asipokuja, nawajibu wale."

Soidri akaacha lori, ufunguo wake akauweka mezani kambini, akaenda Mutsamudu kwa Fundi Attoumane.

Fundi ndivyo wanavyomwita mwalimu wa Kurani katika visiwa vile. Huyu alikuwa na nyumba ya mawe katika mji wa kale, chini ya ngome, yenye vitanda vinane, na waliolala humo walikuwa watu wa chupa na watu wa bangi. Walikaa siku arobaini. Alfajiri waliogeshwa baharini. Wakirudi, walipewa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji ya waridi, wakanywa. Halafu Djoumoi, muuguzi aliyesomea Madagaska, aliwapima presha, na mwenye kutetemeka kupita kiasi alipewa vidonge. Mchana walifukizwa kwa majani ya mchaichai na mrihani, wakakandwa mafuta ya nazi. Magharibi walisoma uradi. Na katikati ya haya yote, kila mtu alishona kofia. Fundi alisema mkono uliozoea chupa lazima upewe kitu kingine cha kushika, na tena kitu kidogo, kinachotaka subira. Siku ya thelathini na tano kofia inatangulia kwenda kwa anayekungoja, siku ya arobaini unaifuata mwenyewe. Mlango haukufungwa kwa kufuli wala komeo. Anayetaka kutoka atoke. Lakini aliyetoka akanywa, akirudi anahesabu tena kutoka moja.

Kitambaa cha kofia yake Zouhoura alikichora yeye. Alichora maua ya mlangilangi, yale yenye vidole virefu vilivyolegea, safu baada ya safu. Akampa bandarini Moroni, kimekunjwa ndani ya leso.

"Haya maua mbona mengi?" Soidri aliuliza.

"Siku zenyewe si nyingi?"

"Unanitesa, Zouhoura."

"Nakushughulisha."

Alimtazama akipanda. Kutoka siku hiyo kulikuwa na msumari mmoja nyumbani kwake aliokuwa akiukwepa kuutazama. Kwa Wangazija, watu wa kisiwa chenye Moroni, nyumba ni ya mwanamke. Baba yake aliijenga kwa ajili yake tangu akiwa mtoto, akafa kabla haijapakwa chokaa, lakini msumari alikuwa ameshaugongomea kando ya mlango. Mume ndiye anayehamia, na pale ndipo kofia yake inapotundikwa. Jioni, baada ya kuswali, jicho la Zouhoura lilikwenda pale lenyewe.

Siku ya ishirini wanaruhusiwa simu moja, katika ofisi moja ya bandari. Saandi aliita kwa sauti iliyomtoa Hadjira dirishani: "Zouhoura! Nzuani!"

Laini ilikuwa ikikwaruza kama mchanga.

"Zouhoura?"

"Ni mimi." Sauti yake mwenyewe ilimtoroka. "Ni mimi, Soidri. Mzima?"

"Nimekonda. Siku tisa za kwanza sikujua jina langu. Sasa nalijua."

"Unashona?"

"Nashona vidole. Kofia bado." Akacheka, na Zouhoura akasikia kicheko chake cha kweli, kisicho na pombe ndani. "Sindano yangu inatangatanga. Lakini nafundishwa. Kwa Fundi mna mwanamke ana mkono mwepesi kuliko wako."

"Mwanamke gani?"

"Aa! Una wivu?"

"Nimeuliza mwanamke gani."

"Mzuri. Akishika sindano utadhani anaandika. Jina sikwambii, nikija..."

Dakika zikaisha, laini ikakatika.

Zouhoura alirudi nyumbani akitabasamu. Alijua anataniwa. Alijua kabisa. Lakini mtu akiwa peke yake na kigogo na beseni, siku kumi na tano ni nyingi, na utani ukikaa muda mrefu bila mwenyewe kuja kuumaliza unaanza kuchacha.

Kofia ikaja, imeletwa na abiria, imefungwa katika gazeti. Hadjira aliteremka mbio kuja kuona. Zouhoura aliifungua, akaisogeza mwangani, akaizungusha.

"Mashallah!" alisema Hadjira. "Hii hata bwana harusi wa ndoa kubwa ya ada angeivaa."

Zouhoura aliisogeza karibu na macho. Aliizungusha tena. Safu ya kwanza ilikuwa imenyooka. Ya pili imenyooka. Vitobo vyote sawasawa kama punje za mtama, tangu mwanzo hadi mwisho. Imetiwa wanga mzito, inasimama yenyewe. Alitafuta siku tisa za kutojua jina, hakuziona. Alitafuta sindano inayotangatanga, hakuiona.

"Hakushona yeye," alisema.

"Kwani nani?"

"Kuna mwanamke."

"Zouhoura, usi..."

"Nimeshika kofia miaka kumi na saba, Hadjira! Mtu anayetetemeka hawezi kuanza hivi. Kama hakushona, hakukaa. Na kama hakukaa, siku zote hizi alikuwa wapi, na nani?"

Siku iliyofuata alikwenda posta mwenyewe, akaagiza simu ya Mutsamudu, akangoja saa mbili kwenye benchi mpaka Soidri alipoitwa. Alikuja akihema, amekimbia.

"Imefika? Umeiona? Umeipenda?"

"Nimeiona. Mwambie aliyeishona ana mkono mzuri."

"Nani?"

"Huyo asiye na jina. Yeye ndiye akungoje. Mimi nimechoka kungoja mtu anayenitumia kazi ya mwingine."

"Zouhoura, nisikilize, ile kofia..."

Alikata. Laini ilikuwa nzima, alikata yeye kwa mkono wake. Karani wa posta akamtazama, akainamisha macho.

Siku ya arobaini merikebu ilifika Moroni. Zouhoura hakwenda bandarini, lakini Hadjira alikwenda. Akarudi, akapita kichochoroni kimya, na Hadjira akipita kimya basi hakuna la kuuliza.

Kesho yake Zouhoura aliamua kuiuza ile kofia. Ilikuwa nzuri mno kuitupa, na hakutaka kuiona. Lakini hauzi mtu kofia yenye wanga wa mtu mwingine. Akaitumbukiza katika maji ya uvuguvugu, akaisugua taratibu, wanga ule mzito ukayeyuka na kuyafanya maji meupe kama tui. Akaikamua. Akaitandaza juu ya kiganja, akainua mkono kuelekea dirishani.

Kitambaa kilikuwa na matundu.

Si vile vitobo vilivyoshonwa. Matundu mengine, madogo kama ya sindano, yaliyoachwa wazi baada ya uzi kutolewa. Yalipita kando ya mistari yake ya penseli, yakapanda, yakashuka, yakapotea njia, yakarudi. Safu ya kwanza yote, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Yalikuwa mkono wa mtu anayetetemeka, anayechoma mahali pasipo, anayejaribu tena. Juu yake ulikuwa umepita mshono mpya ulionyooka. Na kwa ndani, kwenye pindo, doa la damu lililofuliwa likakataa kutoka.

Kitobo kilichokwisha shonwa ukikifumua, kitambaa hakisahau. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote Moroni. Wanga ndio ulioficha.

Alikaa chini. Alikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri, na Hadjira alipochungulia dirishani alimwona ameikumbatia kofia mbichi, kifua cha leso kimelowa.

"Alifumua," alisema. "Hadjira, alishona yote akafumua. Alinionea aibu."

Akatawadha, akaswali, akaenda kwa mjomba wake.

"Mjomba, nimemdhulumu mtu. Nataka kwenda Mutsamudu."

"Kufanya nini?"

"Kumwomba radhi."

Mjomba Mdahoma akautwaa mkongojo wake.

"Peke yako huendi," akasema.

Alitapika kutoka Moroni hadi Mutsamudu, mzee wa watu, na kila akimaliza alivuta istighfari. Walipofika asubuhi alikuwa amekuwa rangi ya papai bichi. Wakapanda vichochoro vya mji wa kale, vyembamba hata mkongojo wake ukigusa kuta zote mbili, wakiuliza njia, mpaka walipofika penye mlango wa kuchonga uliofunguliwa wazi na mvuke wa mchaichai ukitoka. Akatokea mwanamke mzee aliyejitanda shiromani nyekundu, ile leso pana ya wanawake wa Nzuani, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Akamkagua mjomba kutoka kofia hadi viatu.

"Karibu, baba. Usiogope, hapa wengi huja hivyo hivyo. Ni pombe au bangi?"

"Ni bahari!" akasema Mjomba Mdahoma, na pamoja na yote, Zouhoura akacheka.

Mwanamke yule alimgeukia. "Wewe je?"

"Mimi natoka Moroni. Nimemfuata Soidri."

"Ahaa. Ndiwe uliyechora yale maua. Umetuua macho, mwanangu. Mimi ni Bahia, shangazi yake Attoumane. Mimi ndiye ninayewafundisha sindano."

Zouhoura aliitazama ile miwani, ile mikono ya miaka sabini yenye mishipa iliyosimama, na aibu ikampanda kutoka miguuni.

"Bibi, ile kofia alifumua?"

"Siku ya ishirini na tano mikono ilipotulia akaanza. Nikamwambia, acha, humu hatufumui. Akasema: bibi, yule ana jicho, akiziona safu hizi ataniona nilivyokuwa. Siku kumi hakuinua kichwa. Halafu siku ya thelathini na saba akaitwa simu." Bahia akaifuta miwani kwa pembe ya shiromani. "Hakurudi kutoka bandarini. Alirudi kesho yake adhuhuri, ananuka, akakaa pale kwenye ngazi. Nikamwambia mlango uko wazi, mbona huingii? Akasema, naona haya. Nikamwambia, haya ingia nayo."

"Na sasa?"

"Sasa anahesabu upya. Kwa kanuni husemi naye mpaka siku ya ishirini. Lakini umekuja na mzee, na mzee amepauka. Kaeni, nitamwita. Muda wa kikombe kimoja cha chai."

Soidri alitoka uani akiinua pazia, kanzu inamning'inia, kichwa kimenyolewa, ananukia majani. Hapakuwa na karafuu. Akamwamkia mjomba, akambusu mkono, akakaa mwisho wa mkeka. Mikono yake aliikalia.

"Itoe," Zouhoura alisema taratibu.

Akaitoa. Ilikuwa ikitetemeka.

Zouhoura akaweka kati yao ile kofia iliyofuliwa, laini, haina wanga. "Nimeyaona matundu," alisema. "Nimeyaona yote. Niwie radhi, Soidri. Nilidhani najua kusoma."

"Mimi ndiye niliyefuta."

"Ulinificha."

"Nilitaka upate kitu kizuri."

"Nilitaka nikupate wewe."

Mjomba akakohoa. Aliuweka mkongojo juu ya magoti.

"Kijana. Leo siku ya ngapi?"

Angeweza kusema arobaini na tatu, maana ndizo siku tangu alipoingia mara ya kwanza. Zouhoura alimwona akilishika jibu hilo mdomoni, akaliacha.

"Ya sita, mjomba."

Mjomba akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyelipwa asichotarajia. Bahia akaleta chai. Kutoka bandarini ikasikika merikebu ikipiga honi ya kwanza.

"Sikiliza," akasema mzee. "Umenijibu kiume, na mimi nitasema kiume. Kesho kutwa ni Ijumaa. Panda na sisi sasa hivi, nakuozesha mbele ya msikiti mzima. Dawa utamalizia kwa mkeo, majani hata Moroni yapo. Ukibaki hapa, nina watu wa Iconi mlangoni, siwezi kuwazuia tena."

Zouhoura aliuona ule msumari kando ya mlango, na kofia juu yake. Aliusikia mlango wake ukifunguliwa jioni na mtu mwenye haki ya kuufungua. Alilitaka neno "twende" kwa mwili wote, hata akaogopa kinywa chake mwenyewe. Akaitazama ile mikono inayotetemeka juu ya magoti ya kanzu. Siku sita.

"Mjomba," akasema, "nisamehe. Nyumba ni yangu, baba alinijengea mimi. Watu wa Iconi nitawajibu mwenyewe Ijumaa, kwa adabu, nimejifunika vizuri. Nitawaambia msumari una mwenyewe."

"Na watu wakisema?"

"Hadjira atawajibu."

Akafungua leso, akatoa kitambaa kipya cheupe. Alikichora usiku ule wa mwisho kabla ya safari, maua yale yale. Akakiweka juu ya ile kofia ya kwanza.

"Safu ya kwanza nitaijua," alimwambia Soidri. "Ya pili nitaijua. Nataka kila siku yako nione ulivyokuwa. Usifumue hata kitobo. Ikija imenyooka yote, mlango sifungui."

"Na ikija imepinda?"

"Nitaitia wanga ikiwa imepinda, na utaivaa Ijumaa, na atakayecheka acheke."

Soidri akatabasamu, na lile jino lililokatika likaonekana, na Zouhoura akageuza uso kwa kuwa alikuwa hawezi kulitazama na kubaki ameketi.

Uani Djoumoi akaita: "Soidri! Mafusho yanapoa!"

Upande wa pili honi ya bandari ikalia mara ya pili. Mlango wa kichochoroni ulikuwa wazi, jua limelala kizingitini, na ndara za Soidri zilikuwa pale pale, zimeelekea nje. Alizitazama. Alimtazama mjomba, kisha akamtazama Zouhoura, akakaa akimtazama muda ambao chai ingepoa.

Kisha akainuka, akakichukua kitambaa, akaziacha ndara mahali pake, akainua pazia la uani, akaenda kwenye mafusho yake.